Kura ya Mama

Mimi hufundisha mambo ya katiba katika shule moja mjini Embu, na nikianza sinyamazi. Huwaambia wanafunzi kwamba kuna nchi ambako asiyepiga kura hutozwa faini, na nyingine ambako kijana wa miaka kumi na sita hupanga foleni na babu yake. Kisha nagonga meza: kura ni siri. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na chaki mkononi.

Mwaka ambao mdogo wangu aligombea uwakilishi wa wadi, nilikwenda nyumbani Ruiri kupiga kura. Mama ana mtoto wa jicho, hawezi kusoma karatasi, na sheria inamruhusu kuchagua mtu wa kumsaidia. Alinichagua mimi. Msimamizi wa kituo akaniapisha kwamba nitatia alama pale atakapo mama, na sitamwambia mtu yeyote. Niliapa kifua mbele, kwa sauti ya darasani.

Tulipofika kwenye karatasi ya wadi, kalamu yangu ilikuwa tayari kando ya jina la mdogo wangu. Mama akaninong'onezea jina la mpinzani wake, nesi mstaafu wa zahanati yetu. Nikadhani amekosea. Akarudia, na safari hii akanifinya mkono. Nakiri nilitamani kumwibia. Mama haoni, nani angejua? Na mdogo wangu alikuwa amezunguka vilima vyote mpaka soli za viatu zikaisha. Nilimtilia nesi alama.

Mdogo wangu akashindwa. Kesho yake mchana, tukiwa jikoni, akaniuliza kama mama alimpigia. Nikasema nimeapa. Akanuna, akasema hajawahi kuona ndugu mgumu kama mimi. Mama alikuwa akipepeta maharagwe. Akasema kwa Kimeru, taratibu:

"Mwache mwenzako, yeye ameapa. Mimi sikuapa. Nilimpigia nesi. Wewe ungeshinda ungehamia mjini, na mimi ningebaki na nani?"

Mdogo wangu alikodoa macho, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Alimpokonya mama ungo, akaendelea kupepeta yeye, maharagwe yakimwagika kila upande na mama akimkaripia kwa furaha.

Mimi, niliyehamia Embu miaka mingi iliyopita, niliona haya. Nilitoka nje kuwakatia ng'ombe nyasi.