Diski Isiyo na Jina

Krrr-tak, krrr-tak, krrr. Mpaka leo mtu akikwangua ukoko wa sufuria nausikia ule mlio wa diski ikisomwa ndani ya kompyuta ya Mama Apiyo, na masikio yananiwaka moto kwa aibu, kwa hivyo acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa mtaa wetu wa Kondele, maana wale huongeza chumvi (ingawa kwa hii hata haihitajiki).

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho. Nilikuwa nachapa barua kwenye ofisi ndogo ya Mama Apiyo, na ndoto yangu ilikuwa niwe fundi mkuu wa kompyuta, mimi niliyeishia darasa la nane na kozi ya miezi mitatu ya taipu. Kompyuta ilikuwa moja tu, ya kuingia kwa neno la siri, na Jumatano hiyo Mama Apiyo alinikuta nacheza karata ndani yake, akabadilisha neno la siri kimyakimya, akaenda zake Siaya kumwona mamake. "Nitarudi Ijumaa kabla ya saa sita," alisema. Ningengoja tu, jamani!

Lakini Ijumaa asubuhi Mzee Ogweno alikuwa anakuja kuchukua historia ya marehemu mkewe, Mama Dorina, muuza dagaa wa omena kutoka Usenge, isomwe kwa mazishi kesho yake. Mzee alikuwa amekaa na Mama Apiyo siku mbili akisimulia, naye Mama akichapa moja kwa moja kwenye kompyuta, hakuna karatasi. Mimi nikajiona ndiye mwokozi wa Mama Dorina.

Alhamisi nikakimbia kwa Mwalimu Salim aliyenifundisha taipu. Alikuwa na programu ya uokoaji: unaiweka kwa diski, unawasha kompyuta kwa hiyo diski, unafuta neno la siri la msimamizi, unaingia kama mwenye nyumba. Alitaka diski tupu. Nikampa moja niliyoitoa kwa droo yetu, haina lebo.

"Ni tupu kweli?" akaniuliza. "Hii programu inakula diski nzima, haibakishi hata herufi."

"Tupu kabisa, Mwalimu." (Sikuiangalia. Kitu hakina jina, kitakuwa na nini?)

Ijumaa Mzee akaja na shemeji yake, Mama Akinyi, mdogo wa marehemu, na wasichana wa saluni ya jirani wakajaa mlangoni kwa sababu nilikuwa nimewatangazia tangu asubuhi. Nikaingiza diski. Krrr-tak, krrr-tak. Maandishi meupe yakapanda, nikayaeleza kwa sauti kama mhubiri (nusu nilikuwa nabuni), nikafuta neno la siri, nikatoa diski, nikawasha tena, na kweli, nikaingia! Wasichana wakapiga makofi.

"Huyu atatupeleka mwezini," Mama Akinyi akasema.

Nikatafuta historia. Nikapata mitihani ya shule, barua za kanisa, ile karata yangu, lakini Mama Dorina hayuko. Nikatafuta tena, jasho linanitiririka mgongoni, na Mzee amekaa pale na kofia yake magotini, anangoja kwa adabu.

Ndipo Mama Apiyo akatokea, begi bado begani.

"Unatafuta nini huko? Kazi ya Mzee iko kwa diski. Ile haina lebo, kwa droo. Mimi siandikangi jina la marehemu kwa lebo kabla hajazikwa, ni kama kumharakisha."

Nikaitazama ile diski mezani. Wote wakaitazama.

"Mama," nikasema, "nimeifuta."

"Wuololo!" Mama Akinyi akashika kichwa. Wasichana wa saluni wakakumbuka wameacha kichwa cha mteja kwenye maji, wakatoweka. Mama Apiyo akaweka begi chini polepole, na hilo liliniuma kuliko matusi. Mimi nikaanza kulia, kamasi na yote, mbele ya mfiwa ambaye yeye mwenyewe halii.

Mzee akavaa kofia, nikajua anaondoka. Hakuondoka. Akavuta kiti karibu.

"Nyathina, mtoto wangu, pangusa uso. Andika. Dorina alizaliwa wakati wa mafuriko..."

"Shemeji, wacha uongo," Mama Akinyi akadakia. "Mafuriko yalikuwa ni mimi. Yeye ni kiangazi."

"Ulikuwepo?"

"Na wewe ulikuwepo? Andika kiangazi, msichana. Na uandike alimkataa huyu mara tatu."

"Mara mbili!"

"Tatu. Ya tatu alinituma mimi."

Nikaandika, nacheka na kulia pamoja, Mama Apiyo akiniletea chai bila kuniangalia, na kufikia saa kumi ilikuwa kurasa nne. Ile ya kwanza, Mama Apiyo alisema, ilikuwa moja na nusu, na ndani yake Mzee hakukataliwa hata mara moja.

Tangu siku hiyo sijaita kitu chochote kitupu kabla sijakifungua nikaona, hata kibiriti.

Kurasa zile tulizihifadhi kwenye diski ileile, bado bila lebo, kwa heshima ya mwenye droo. Mama Dorina akazikwa Jumamosi. Jumatatu nilifika kabla ya Mama Apiyo, nikafungua droo, nikabandika lebo, nikaandika kwa herufi kubwa DORINA, nikasukuma kile kidude cha pembeni kinachozuia diski isifutwe, nikairudisha.