Bakuli Lililotufuata Baharini

Mama yangu hakukubali kwamba mtu anaweza kuishi ndani ya boti. Kusafiri, sawa. Kuvua, sawa. Lakini kulala humo na mume, kupika humo, na kuanika chupi kwenye kamba za tanga mbele ya macho ya wavuvi wa Mlingotini, huo kwake ulikuwa wazimu, na wazimu wenyewe aliuweka wote juu yangu. Mume wangu, Mama alikwisha kumsamehe. "Yeye mwanamume, hana akili," alisema. "Wewe una udhuru gani?"

Ulikuwa mwanzo wa miaka ya sabini. Mume wangu, mtu wa Pangani, alikuwa ameajiriwa kuwa nahodha wa boti ya Mzungu mmoja mzee aliyestaafu ualimu akaamua kumalizia uzee wake kwa kuzurura pwani. Alikwenda Kunduchi, Mlingotini, Bagamoyo, Pangani, Tanga, kisha akarudi kulekule kama mtu aliyesahau miwani. Alihitaji na mpishi. Mimi nilikuwa nimeolewa miezi michache tu, na sikuolewa ili nilale na mto. Nikapanda.

Siku ninaondoka nyumbani kwetu Bagamoyo, Mama hakulia. Angelia, ningejua la kufanya. Alisimama barazani akasema, "Siku ukiwa na nyumba yenye mlango wa mbele na wa uani, niite nije. Ndani ya kopo linaloelea mimi siingii." Kisha akanipa bakuli.

Lilikuwa bakuli jeupe la bati, lenye maua mekundu na mfuniko, limejaa visheti. Kwetu, ukiletewa bakuli lina kitu unalirudisha lina kitu, hata kama ni chumvi ya kuazima. Ukilirudisha tupu umemtukana mwenyewe, na usipolirudisha kabisa, bora uhame mtaa. Mama alikuwa amekataa kunisemesha, lakini mguuni alinifunga kamba.

Barua hakuzitaka. Alisema barua ya mtoto husomwa na mtaa mzima kwanza, mama huipata ya mwisho. Basi bakuli likawa ndiyo posta yetu. Mchukuzi wetu alikuwa mchuuzi wa samaki, mtu mnene, mpole, mwenye salamu ndefu, aliyepanda na kushuka na basi kati ya Kunduchi na Bagamoyo. Alijua tulipotia nanga kabla hata Mzungu hajajua. Alikuwa akituita kutoka ufukweni, mume wangu anamfuata kwa kidau, nami nampikia chai. Siku zote alikataa kula. Alisema ameshiba.

Mzungu naye alikuwa na redio ya kuzungumzia na dada yake huko Ulaya. Walikuwa wakipigiana kelele nusu saa nzima, "Unanisikia? Unanisikia?" na wakishasikiana wanaulizana kama kuna mvua. Nilimhurumia. Mimi nilikuwa na bakuli, na bakuli halikoromi.

Ila lilianza kunisumbua. Nilimpelekea Mama pweza mkavu wa Pangani, kumwambia tu wazima na tunakula. Likarudi na muhogo wa kuchoma, umepoa, umekauka kama gongo. Mama yangu! Mwanamke ambaye hata maskini aliyebisha hodi alimpa wali na mchuzi. Nikauelewa vizuri: ananiambia nimekuwa mtu wa njiani. Nikampelekea karafuu nilizopewa na mabaharia wa Pemba. Likarudi na korosho, nusu zimeungua. Mume wangu alizitafuna zote akasema ni tamu. Nilimwambia anatafuna matusi. Akasema basi matusi ya mama yangu yanahitaji chumvi kidogo.

Kisha nikapata mimba. Mimba ya kwanza, kwetu, mtu huenda kujifungulia kwa mamake. Haijadiliwi. Mama ndiye anayekukanda, ndiye anayekupikia uji wa pilipili manga, ndiye anayekutukana unapopiga kelele. Mimi nilikuwa shujaa wa baharini mchana kutwa, lakini nikifikiria kuzaa bila Mama nilikuwa naogopa, na sioni haya kulisema. Nilitaka aseme njoo. Neno hilo moja tu.

Nikajaza bakuli udongo, ule wa kutafuna ambao wajawazito hawalali bila kuuona. Mwanamke yeyote wa pwani angefunua mfuniko akaelewa. Mchuuzi akalibeba. Sasa najua kwamba katika vyote nilivyowahi kutuma na kutumiwa, hicho ndicho kitu pekee alichokifikisha chote.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Nilifunua kwa mikono yote miwili. Lilikuwa limejaa pilipili mbuzi, nyekundu, pomoni.

"Labda za mchuzi," mume wangu akasema.

"Bakuli zima?"

Nililia mpaka Mzungu akazima redio yake. Kisha nikakasirika, maana kulia kunachosha. Nikamwambia mume wangu tutaondoka kwenda Tanga, nitazaa hospitali miongoni mwa wageni, na bakuli halirudi. Nikalisukuma chini ya kitanda. Nilijua maana ya nilichofanya, na nilitaka Mama naye aijue.

Tulikuwa tumefika Mlingotini tukipakia maji ya kunywa, siku chache baadaye, nilipomwona mchuuzi anakuja na mtumbwi wa kuazima, anapiga kasia huku anahema. Mbele yake alikaa Mama, buibui limelowa hadi magotini, ameshika kingo za mtumbwi kama mtu aliyekamata wezi wawili. Mume wangu na Mzungu walimvuta juu, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule. Akasimama ndani ya kopo linaloelea.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Bakuli langu liko wapi?"

Nikalitoa chini ya kitanda. "Hili hapa. Na pilipili zako nimezitupa."

"Pilipili gani? Mimi nimekupikia halua. Nimeikoroga tangu alfajiri mpaka mabega yakakataa. Chumba nimekipaka chokaa. Nakaa naangalia njia, na wewe umekalia bakuli langu!"

Sote tukageuka kumtazama mchuuzi. Yeye alikuwa anatazama Zanzibar.

"Bi Mkubwa," alisema hatimaye, "basi liliharibika Kerege. Kila safari linaharibika Kerege. Njaa. Na mapishi yako, harufu inapenya mfuniko. Sasa, bakuli la watu nilifikishe tupu? Mimi si mshenzi. Kinachouzwa pale njiani ndicho nilichotia. Siku ile zilibaki pilipili tu."

Miezi yote ile nilikuwa nasoma tabia ya mama yangu kutokana na tumbo la mwanamume yule. Mume wangu alicheka mpaka akaketi chini. Mimi nilitaka kucheka, nikajikuta nalia tena, na Mama alinyoosha mkono anishike.

Hakunifikia. Wimbi dogo, ambalo hata Mzungu hakulihisi, liliinua boti likaishusha. Uso wa Mama ukageuka rangi. Akanipokonya bakuli, akainama, akatapika humo kila alichokula tangu jana yake, huku mimi nimemshika mgongo na yeye ananisukuma kwa kiwiko.

Alipomaliza alifuta mdomo kwa ncha ya buibui, akaliwekea mfuniko vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

"Usije ukasema nimelirudisha tupu," alisema. "Haya, chukua nguo zako. Twende nyumbani."