Shati la baba na kigurudumu chenye meno

Wakuu, hamjambo wote. Mimi ni mama mzee wa Kasongo, nimezaliwa wakati wa Wabeleji. Haya niliyaona kwa macho yangu, siongezi chumvi.

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa anashonea watu nguo. Alikufa ghafla, akamwachia mama kopo la vyombo vyake.

Shida ni kwamba mama hakujua kushona. Yeye alikuwa mtu wa shamba, mpunga na ile pamba ya lazima ya Wabeleji.

Mle ndani ya kopo kulikuwa na yai la mti, la kuchongwa. Tuliliweka chini ya kuku tukidhani ni la kumdanganya atage! Kumbe la kuingiza kwenye soksi ukiziba tundu.

Kulikuwa pia na kigurudumu cha chuma chenye meno, kina mpini. Hicho tuliwapa watoto wachezee.

Sasa baba.

Baba alikuwa mtu wa upande wa Wamaza. Alienda kufanya kazi kwenye machimbo ya bati, akafia huko, wakamzika huko. Kaburi hatukuliona.

Kilichobaki kwetu ni shati moja jeupe. Bibi ndiye aliyemshonea kwa siku ya harusi yake na mama.

Kaka yangu alipotaka kuoa, alikuwa ameshafikia mwili wa baba. Mama akapeleka lile shati kwa fundi wa sokoni, ashone jingine kama lile.

Fundi akamwambia, "Mama, lazima nifumue. Bila kufumua siwezi kupata kipimo."

Mama akamkabidhi shati. Halafu akasema, "Fumua, lakini polepole."

Kitambaa kilikuwa kimeoza kwenye mishono. Kilichanika chote.

Fundi alikuja mwenyewe nyumbani na vipande, amevifunga vizuri. "Unisamehe, mama. Nguo ilikuwa imechoka sana."

Mama akavipokea kwa mikono miwili. "Haiko kosa yako, fundi."

Kaka alioa na shati la dukani. Lilimkaa vizuri, mama alimsifu mbele ya watu.

Siku ileile alikuja rafiki wa bibi kutoka Nyangwe. Akaona watoto wanaburuza kigurudumu kwenye vumbi.

"Nani alipatia watoto kitu ya kazi? Bibi yenu alikuwa anatembeza hii juu ya nguo, chini anaweka karatasi. Meno inachora kipimo, bila kufumua. Hata uzi moja haukatike."

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

Wageni walipoondoka nilimkuta nyuma ya nyumba peke yake. Alikuwa anakitembeza kile kigurudumu kwenye mkono wake, taratibu, kinaacha vinukta, vinafutika, anaanza tena.

 Nikakaa karibu yake tu.

Nilichojifunza wakuu, tunarithi vitu lakini maneno yake hatuyaulizi, na mwenye maneno hangoji.

Nanyi mna vyombo gani nyumbani hamjui kazi yake? Andikeni hapa chini. Lakini kama mama yako yuko hai, weka simu chini kwanza, nenda kamuulize. Uzi huu utaukuta.