Kuzen wa Daraja la Nne

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kuomba huruma. Nasema kama vile mwingine anavyosema ana kisukari. Natengeneza pasi na redio barazani kwangu, mtaa wa Hewa Bora, na wateja ndio wanaotembea. Mke wangu husema nikifika mtaa wa Golf tu ninarudi na habari kama mtu aliyeshuka ndege kutoka Ulaya. Basi nilipoambiwa kwamba lazima niende chuo kikuu, tena niingie kwenye chumba cha mtihani, wiki ile nzima sikukaa kitako. Nilifungua redio za watu nikazifunga, na skrubu zikabaki mkononi. Redio zenyewe ziliimba vilevile, jambo ambalo halikunituliza.

Aliyenitia kwenye balaa hilo ni mdogo wangu wa kike. Haoni. Surua ilimpitia akiwa bado anatambaa, ikaondoka na macho. Mama yake na mama yangu ni watoto wa mama mmoja, binti za mfanyakazi wa reli aliyeshuka kutoka kaskazini ya Katanga, na mama yake alipofariki akahamia kwetu. Kwetu hapa hesabu hiyo ni nyepesi: mtoto wa mama mdogo ni ndugu yako, mazungumzo yamekwisha. Nimembeba mgongoni, nimepigana na watoto wa jirani kwa ajili yake, naye amenicheka tangu alipojifunza kusema. Ananiita yaya. Ndivyo tunavyomwita ndugu aliyekutangulia, awe mwanamume au mwanamke.

Anasoma sheria. Darasani anaandika mwenyewe kwa nukta nundu, kwa kile kisindano chake kinachogonga karatasi kama kuku anayedonoa bati. Simu yake inajua kusoma maandishi kwa sauti, lakini silabusi, yale maelezo ya profesa yanayouzwa chuoni, ni fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Simu ikizitazama inaongea kama mlevi. Kwa hiyo msomaji ni mimi. Kila alasiri ananiwekea silabusi juu ya pasi za watu, na mimi nasoma.

"Yaya, soma tu ile iko mu karatasi," ananiambia.

"Si ndiyo nasoma?"

"Apana. 'Huyu profesa hana bibi ao nini', ile haiko mu karatasi."

Hiyo ndiyo kazi niliyoizoea, na ningeendelea nayo mpaka apate shahada bila mimi kuvaa viatu. Tatizo ni mtihani. Walimu hawasomi nukta nundu, kwa hiyo chuo kinampa chumba cha pembeni, muda wa nyongeza, na ruhusa ya kuja na mtu atakayeandika anachotamka. Mtu huyo anamtafuta mwenyewe. Sharti walilompa ni moja: mwandishi asiwe amesoma sheria, asije akaongeza yake.

Alikuwa na msichana wa kwaya ya parokia, mwenye mwandiko mzuri na akili ya kunyamaza. Mtihani ukiwa umekaribia, msichana huyo akapata kazi kwa wakala wa forodha mpakani Kasumbalesa, akaondoka na begi lake bila hata kuaga vizuri. Na mtihani uliokuwa mbele ulikuwa wa sheria ya familia, ule uliomshinda mwaka uliotangulia, wakati mwandishi aliyeletwa haraka haraka aliandika polepole mno na muda ukaisha wakiwa katikati. Safari hii akiukosa, ametolewa. Kanuni haimruhusu kurudia tena.

Alikuja barazani akasimama mbele yangu na fimbo yake.

"Natafuta muntu mwenye hajui kintu."

Mke wangu alijibu kutoka jikoni, "Njo ule iko mbele yako." Yaani ndiye mimi.

Ndivyo nilivyochaguliwa. Maisha yangu yote nimesikia watu wakitafutwa kwa elimu yao. Mimi nilitafutwa kwa kukosa, na nikapatikana siku hiyohiyo.

Alinifundisha kuandika kama anayemfundisha punda kucheza. Anatamka, naandika. Nisigune. Nisivute pumzi ya mshangao. Kalamu isisimame.

"Kalamu yako ikisimama, mi nasikia," alisema. "Na kama mi nasikia, musimamizi naye atasikia. Atasema unanionyesha njia."

"Na nikitaka kukohoa?"

"Kohoa leo."

Asubuhi ya mtihani ilikuwa na baridi ile ya kiangazi cha kwetu inayoingia hata ndani ya meno. Nilivaa koti la harusi yangu, ambalo sasa linafungwa kwa imani tu. Tuliposhuka kwenye teksi nilimshika mkono ili nimwongoze, kama kaka. Yeye ndiye aliyeniongoza mimi. Alijua wapi njia inapinda, wapi lami inaisha, wapi wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanasimama katikati ya njia kama mbuzi. "Ngazi," alisema, nami nilikuwa nimeshajikwaa. "Mufereji." Huo nilikuwa nimeshauingia.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya viti vilivyovunjika. Walikuwa wamesogeza viti upande mmoja, wakaweka meza na benchi. Msimamizi, asistanti kijana wa profesa, aliyejifunga skafu mpaka kwenye masikio, alikuwa anapuliza vidole vyake. Alimsalimia mdogo wangu kwa heshima, akanigeukia.

"Papa, umesoma sheria?"

"Hapana."

"Ulisoma nini?"

"Umeme. Sekondari. Nina diploma ya serikali."

"Muzuri. Na huyu mademoiselle, unamujua namna gani?"

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu mrefu. Nilikuwa na woga, na mtu mwenye woga akipata swali moja analolijua hulijibu kwa mwili mzima.

"Kumujua? Huyu ni mudogo wangu. Tumbo moja. Nimemubeba ku mugongo."

Asistanti aliacha kupuliza vidole. Alisema basi haiwezekani. Tangu kipindi kilichopita kuna kanuni mpya, kwa sababu mama mmoja alimwandikia mwanawe mambo ambayo mwana hakuyatamka. Ndugu wa damu hakubaliwi, mpaka daraja la tatu. Alimuuliza mdogo wangu mbona hakujua. Kanuni imebandikwa kwenye mlango wa sekretarieti.

"Milango siisomi, asistanti," alisema mdogo wangu.

Kijana alitazama chini. Lakini hakubadilisha neno. Alisema kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulionitisha: kama hakuna mwandishi mwingine, ataandika kwamba hakufanya mtihani. Nje nilisikia wenzake wakiingia kwenye ukumbi mkubwa, viti vikiburuzwa. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nilifikiria kumkamata mtu yeyote anayepita, hata mlinzi. Nilifikiria msichana wa kwaya, kule Kasumbalesa kati ya malori, na nikamtakia foleni ndefu.

Mdogo wangu hakusimama. Alikunja fimbo yake, akaiweka mapajani.

"Asistanti, huyu bwana si ndugu yangu," alisema.

Niligeuka nimtazame. Alikuwa ametulia kama anayeagiza chai.

"Ni kuzen. Mama yake na mama yangu ndio ndugu. Tuhesabu." Akainua mkono, akaanza kukunja vidole. "Kutoka kwangu kupanda kwa mama yangu, moja. Kupanda kwa nyanya, mbili. Kushuka kwa mama yake, tatu. Kushuka kwake yeye, ine. Daraja la ine. Kanuni yenu inaishia tatu."

"We, kuzen namna gani?" nilisema. "Mimi na wewe?"

Alinikanyaga. Kwa mtu asiyeona, alikipata kidole changu kidogo bila kukitafuta.

Asistanti alitutazama, mmoja baada ya mwingine. "Yeye anasema tumbo moja. Wewe unasema kuzen. Nani iko anadanganya?"

"Hakuna. Umemuuliza naye amejibu kama muntu wa kwetu. Hajui kuhesabu madaraja, juu hajasoma sheria. Si njo sharti lenu? Angejua kuhesabu, ungemufukuza juu ya kujua."

Kijana alificha mdomo ndani ya skafu. Nadhani alicheka, lakini alikuwa asistanti, kwa hiyo kilichoonekana ni skafu tu ikitikisika. Kisha akanigeukia, na kicheko kikawa kimeisha.

"Bon. Papa, nataka nisikie kwako. Kisheria, huyu ni nani wako?"

Lazima niwaeleze jambo moja. Siku ya msiba wa mama yake, kulikuwa na mzee wa ukoo aliyekuwa anapanga watu, watoto mbele, wengine nyuma. Mdogo wangu alimweka mbele, mimi akaniweka nyuma, akisema kuzen wakae kule. Nilihama kutoka nyuma nikaja mbele nikakaa, koti na viatu na kila kitu, na hakuna aliyeweza kunitoa. Mimi, mtu nisiyependa hata kubadilisha kiti nyumbani kwangu. Neno hilo tangu siku ile sikulitamka juu yake, na aliyelitamka mbele yangu alijuta kwa sababu nilimweleza kwa urefu.

Sasa nilikuwa nimesimama kati ya viti vibovu, na mwaka wake wote ulikuwa unangoja mdomo wangu.

"Kuzen," nilisema.

"Wa daraja la ngapi?"

"La nne."

Alitoa karatasi ya maswali.

Nakumbuka kidogo sana kuhusu maswali yenyewe. Asistanti aliyasoma, mdogo wangu akafikiri, akaanza kutamka Kifaransa chake kirefu, kilichonyooka, na mimi nikaandika. Niliandika nikiwa na hasira, na hasira ilisaidia mwandiko. Mguu wangu ulikuwa unatikisika, benchi likalia, asistanti akatazama, nikaushika mguu kwa mkono wa kushoto. Ili nisionekane ndugu, nilianza kumwita mademoiselle. "Nimefika, mademoiselle." "Endelea, mademoiselle." Naye akaniitikia "asante, bwana" kwa sauti ya mtu anayezungumza na karani wa posta. Nilitaka kulia, na nilitaka kumfinya.

Mahali pamoja, kwenye swali la mahari, alitamka kitu ambacho nilijua kabisa si hivyo. Nilikuwa nimeisoma silabusi ile barazani kwa sauti yangu mwenyewe. Silabusi ilisema kinyume. Kalamu ilisimama.

Asistanti akainua kichwa.

"Bwana ameandika?" aliuliza mdogo wangu.

Ningeweza kukohoa. Nilikuwa na kikohozi tayari kifuani, kizima, cha kutosha kumwambia mtu yeyote mwenye masikio kama yake kwamba rudi nyuma. Asistanti alikuwa ananitazama mkononi. Niliandika alivyosema, neno kwa neno, na kikohozi nikakimeza. Kilishuka kama mfupa.

Kwenye teksi ya kurudi nilivumilia mpaka karibu na nyumbani. Hapo nikamwambia kuhusu mahari, nikiwa na huruma nyingi, huku nikianza kumfariji kwa kukosea.

"Yaya," alisema, "siku ile muteja alikuya na pasi yake. Uliporudi ulifungua kurasa mbili pamoja, ukaruka. Mi nilisikia karatasi. Kesho yake nikamuuliza profesa."

Kuanzia hapo mpaka siku ya matokeo sikulala vizuri. Nilikuwa nimemkana, nimeandika kwa hasira, na kama ningekohoa ningemwangusha. Mke wangu alinipa maji ya majani fulani ya kutuliza moyo. Moyo ulitulia, tumbo likaanza.

Matokeo yalitangazwa uwanjani, kwa kipaza sauti kinachokwaruza. Jina lake liliposomwa kati ya waliopita, mke wangu alikuwa ameshafungua kopo la poda, kama tunavyofanya hapa kwa kila aliyefaulu, akammwagia kichwani mpaka nyusi zikapotea. Nami nikapata sehemu yangu kubwa, masikioni na kwenye koti la harusi. Nilimkumbatia mdogo wangu nikamwinua juu, nikamshusha. Nilikuwa nimefungua mdomo kuuambia uwanja mzima huyu ni nani, nilipoona skafu inakuja kati ya watu.

"Félicitations, mademoiselle," alisema asistanti. Akanitazama, mimi mweupe kama mkate wa unga. "Na huyu njo kuzen?"

Kidole changu kidogo kilipata uzito niliokuwa ninaujua.

"Njo mimi," nilisema. "Daraja la nne."

Alipoondoka, mdogo wangu alipangusa poda kwenye midomo. "Tunabakia na miaka mingine, yaya. Na wewe njo mwandishi wangu. Ukae vile."

Kwa hiyo nimekaa vile. Nyumbani ugali ukiiva, mke wangu ananiita mezani, "Kuzen, bukari iko tayari," na mdogo wangu anacheka mpaka anashika meza. Kipindi kingine cha mitihani kinakaribia na nimeanza tena kusahau skrubu. Barazani, yeye anakaa kwenye kona yake anagonga karatasi, mimi nafungua redio, na mara kwa mara mteja mgeni anamtazama, kisha ananiuliza kwa sauti ya chini, huyu dada ni nani wako?

Nachelewa kidogo kujibu. Huwezi kujua mteja gani ana mtu chuoni. Nasikia kisindano kimesimama.

"Mudogo wangu," nasema, polepole, kwa upande wa mdomo. "Tumbo moja."

Na kisindano kinaanza tena kudonoa.