Sufuria ya Kwenda Hotelini

Mama alipofariki, baba alifanya jambo ambalo majirani zetu wa Isiolo waliliona la aibu: alilipa hoteli itupikie. Alikuwa dereva wa lori la mbuzi, na kila Jumatatu kabla ya safari aliacha pesa kwa mwenye hoteli karibu na msikiti. Jioni nilibeba sufuria na birika nikaenda kuchukua chakula chetu, mimi na ndugu zangu wawili wadogo. Nilikuwa darasa la saba, na nilikuwa na nafasi ya kusoma kwa sababu jikoni hakukuwa na kazi.

Siwezi kusema nilishukuru. Ilikuwa karanga ileile, mchuzi wa kukaanga, kila siku, viazi tele na nyama ya kutafuta kwa tochi, chapati zimekauka pembeni. Hoteli ikijaa wateja, sisi tulipewa mchuzi wa chini. Lakini kwenda na kurudi ni dakika kumi, na baada ya kula hakukuwa na kuni za kutafuta wala masizi ya kusugua kwa jivu.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa akija kutoka Kiwanjani kila Jumamosi kutuangalia, na kila Jumamosi alileta lalamiko lilelile. Pesa za hoteli za wiki moja zingetununulia unga na mafuta ya mwezi mzima, alisema, na hapa kuna msichana mzima amekaa na vitabu. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwamba msichana hajui kupika, ataunguza nyumba. Niliudhika kila aliposema hivyo. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yakinilinda.

Ndugu yangu mdogo ndiye aliyeanza kulilia anjera za mama, zile chapati laini za unga uliochachuka. Nami nilizitamani. Ijumaa moja niliazima unga na chachu kwa jirani, nikakoroga, nikafunika ndoo kwa leso ya mama ili unga uumuke mpaka asubuhi. Alfajiri niliwasha jiko. Ya kwanza iligandamana na chuma, ya pili ikaungua. Ya tatu ilitoa vitundu vidogo juu kama za mama, nikajiona mtu mkubwa.

Baba aliporudi safarini alimkuta shangazi ameshafika. Niliwapakulia wote wawili, kwa samli na sukari. Baba alikula nne bila kuinua uso.

"Mkono ni wa mama yake," akasema polepole.

"Sasa, walaal, ndugu yangu, hoteli ni ya nini tena?" shangazi akamuuliza.

Baba alinitazama. Nilikuwa nimesimama na birika, nikitabasamu kama mjinga. Kisha akainamia chai yake.

Jumatatu hakupitia hotelini. Alituachia gunia la unga mlangoni. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mchimbaji nilikuwa mimi.

Hakuna aliyeniambia niache shule. Siku moja nilichelewa kwa sababu bomba lilikuwa halina maji, nyingine kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Mwalimu alinichapa. Nikaanza kusinzia darasani. Muhula uliofuata ulipoanza, hakuna aliyeuliza kwa nini sikuvaa sare. Tangu hapo nimechoka, kusema kweli. Nimempikia baba, nimewapikia ndugu zangu, mume, harusi na matanga ya watu, na kila mtu anausifu mkono wangu. Sifa hizo sizitaki.

Katika miaka ya themanini hoteli ziliongezeka mjini, na vibanda vya chipsi pia, nami jioni nyingine nikawa nanunua chakula huko. Mume wangu naye akashika wimbo wa shangazi, kwamba pesa zinaishia kwenye mafuta ya watu wengine. Binti yetu alikuwa amekaribia mtihani. Jioni moja alifunga kitabu, akaja jikoni.

"Mama, nifundishe anjera. Nataka kumpikia aabo," akasema, akimaanisha baba yake.

Uso wake ulijaa furaha ileile niliyokuwa nayo na birika langu mkononi. Niliogopa. Nikampa sufuria na pesa, nikamwambia aende hotelini na arudi upesi kwenye kitabu chake.

Mume wangu aliuliza kwa nini tunanunua tena. Nikamjibu kwamba msichana hajui kupika, ataunguza nyumba.