Koleo Fupi la Babu

Hapana bwana, usiniambie babu yangu alikuwa mfagiaji wa stesheni. Alikuwa mchochea moto kwenye injini ya mvuke, yale madude mazito ya mizigo, reli ya kati, enzi za ujana wake. Mimi nimekulia kwake hapa Ifakara, utaniambia nini?

Ila siku moja niliyumba.

Tulikuwa kijiweni na bodaboda zetu. Nawaelezea wenzangu injini ile ilivyoundwa: boila katikati, magurudumu seti mbili, mbele na nyuma, ili ikate kona na uzito usielemee reli sehemu moja. Nimejisomea kwenye simu, sikufundishwa na mtu. Nikamalizia na koleo fupi linaloning'inia ukutani kwa babu, nikijua ni la kutupia makaa ya mawe. Hapo mzee mmoja abiria, fundi mstaafu wa treni za dizeli kule Mlimba, akacheka.

"Kijana, madude hayo yalichoma mafuta mazito. Yanapulizwa tu yanawaka. Koleo la nini? La kuzolea takataka?"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Nilivyomjibu mzee wa watu, sitaki kurudia.

Lakini nikaingia kwenye simu. Kweli, mafuta! Basi kila kitu kikaanza kuninukia uongo. Lile kovu la mkononi mwa babu, ni la tanuri kama anavyosema, au la sufuria ya wali? Mbona hana picha hata moja?

Asubuhi nikamkuta anaanika mpunga uani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Injini yenu ilichoma nini?"

"Mafuta."

"Na koleo?"

"La mchanga." Akaendelea kugeuza mpunga.

Mchanga kwenye moto! Nikapandisha sauti. "Babu, mlikuwa mnaendesha treni au mnajenga choo? Watu wananicheka huko!"

Akanitazama. Kesho yake koleo halikuwepo ukutani, nikaliona bandani, anazolea kinyesi cha kuku.

Nilipekua simu siku kadhaa mpaka nikaupata huo mchanga. Mafuta mazito yakiungua yanaacha masizi kwenye mabomba ya boila. Masizi yakiganda, joto haliyafikii maji, mvuke unapungua, na ukiwa mlimani na mabehewa yamejaa, treni inasimama. Kwa hiyo mchochea moto anachota mchanga kwa koleo, anaumwaga kwenye mdomo wa tanuri. Moto unaufyonza, unapita mabombani unakwangua masizi, kule juu unatoka moshi mweusi tii.

Nikamtafuta yule fundi, nikamwekea simu usoni. Akasoma yote. "Haya, kumbe. Mwambie mzee anisamehe."

Salamu hiyo sijaifikisha. Nikiifikisha itabidi niseme na ya kwangu. Babu bado ananiitikia marahaba, ila habari za treni hagusi tena, na koleo liko kwa kuku.

Na wewe unayenikodolea macho, wa kwenu nyumbani umeshamwita mwongo mara ngapi?