Mashine Niliyoifungua kwa Hasira

Siku ile ningali naikumbuka, mwanangu, siku mashine yangu ya kuranda mbao ilipokwama nje ya karakana hapa Kakamega, na wanaume wakaketi kunitazama nitafanyaje.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Baba yangu, seremala wa Iguhu, alikuwa amenifundisha kazi kisha akafariki, akaniachia vifaa vyake na ukaidi wake. Mashine ile niliinunua kwenye shamba la zamani la Wazungu huko Lugari, ambako ilikuwa imelala miaka mingi chini ya mabua ya mahindi. Chuma kitupu! Wanaume wanane waliishusha kwenye trakta wakihema. Mwenye nyumba alikuwa ameahidi kunipanulia mlango. Alipoiona, akageuka.

"Ukuta wangu haubomolewi," akasema. "Tena kwa ajili ya msichana!"

Jirani yangu Wafula, seremala mwenye karakana kubwa kuliko yangu, akacheka. "Dada, mashine kama hii mwanamke hawezanga. Niuzie kabla mvua haijanyesha."

Nawe waijua mvua yetu. Ikifika alasiri haikosi.

"Itaingia," nikamjibu. "Hata kama ni kipande kwa kipande."

Kukataa nilikataa vizuri, mwanangu. Kufungua ndiko nilikofungua vibaya. Nilishika spana kwa hasira. Bolti zote, ndefu kwa fupi, nikazitupa kwenye debe moja. Chini ya meza ya chuma nilikuta vibati vyembamba kama karatasi; nikaviona takataka, nikavirusha matopeni. Mvua ilipoanza, kipande cha mwisho kilikuwa ndani. Wapita njia walinipigia makofi, nami nikavimba kichwa. Hasira hasara, walisema waliotutangulia, lakini nani husikia methali akipigiwa makofi?

Nilitumia wiki nzima kuiunganisha. Nilipoiwasha, ikatetemeka kama mtu mwenye malaria, ikautafuna ubao upande mmoja na kuuacha mwingine. Wafula akachungulia mlangoni.

"Bado nanunua," akasema.

Nikaenda Mumias kumwita Mzee Juma, fundi wa mitambo aliyestaafu. Alifika kesho yake, akanitolea salamu ya amani kama ilivyo desturi ya Waislamu wa kwao, akaizunguka mashine. Kisha akaingiza kidole chini ya meza.

"Vibati vya hapa viko wapi, binti yangu?"

"Nilivitupa, Mzee. Nilidhani ni takataka."

"Vilikuwa vinaisawazisha meza. Wewe uliifungua hii mashine ili watu wakuone. Yenyewe hukuiangalia hata mara moja."

Machozi yakanitoka. "Basi nimuuzie Wafula?"

Hapo ndipo alipokasirika kweli. "Nani amekuambia uuze? Nimesema umekosea, sijasema umeshindwa. Ifungue yote upya. Na mlango uuache wazi."

"Watanicheka, Mzee."

"Wacheke! Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji."

Nikafungua upya, mlango wazi, wao wakicheka. Safari hii kila kipande nilikiandika namba kwa chaki, na kila bolti nikaifunga kwenye kitambaa pamoja na nati yake. Nilichimba matope kwa mikono yangu, nikapata vibati vitatu; vilivyobaki tukavikata kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Mzee hakunigusia hata nati moja. Alikaa kwenye gogo akiniuliza, "Hiki kazi yake nini?" Nisipojua, hakuniruhusu kukifunga.

Siku ya nne ilinguruma sawasawa, na ubao ukatoka laini kama shavu la mtoto. Niliutoa nje, nikauegemeza kwenye ukuta ule usiobomolewa, nikasimama kando yake hadi kila mtu akaona. Kabla ya mwezi kwisha, Wafula alileta mbao zake nimrandie. Nilimwonyesha mwisho wa foleni, akasimama.

Mwanangu, nakuambia bila kuzungukazunguka. Watu wakikwambia huwezi, usipoteze pumzi kuwasihi. Ingia kazini. Lakini ujeuri bila maarifa ni kelele tu, nao waliokucheka watafurahi ukijiharibia kwa mikono yako. Kitu usichokijua usikitupe. Kuuliza si ujinga. Na siku utakapokosea, maana utakosea, kubali mbele ya watu wote, kisha rudia kazi mbele yao vilevile, bila kuinamisha kichwa. Kujikwaa si kuanguka.

Mungu akupe mikono isiyochoka na shingo isiyopinda mbele ya dharau. Akujalie mtu wa kukukemea bila kukuvunja moyo. Na kazi yako isimame imara, hata mbele ya macho yaliyongoja ianguke. Amina.